Kusema kwa Herufi za Brashi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amekataza hata kunong'ona. Mimi! Mnadi wa fanicha za mitumba, niliyezoea kunadi kabati mtaa wa pili ukasikia. Tangu upasuaji wa koo naandika kwenye simu, kisha namgeuzia mke wangu kioo asome. Leo nimeandika: Chai imepoa. Akasoma, akaguna. Eti namwandikia kama benki.
Binti yetu, kitinda mimba, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema kosa si la maneno, ni la fonti — sura ya herufi. Atanitafutia nyingine.

Jumanne, 4 Machi
Kaniwekea ya brashi. Herufi zimelalia kulia kama watu wanaowahi mahali. Zinaanza nene, zinaishia nyembamba, na pale rangi ilipokauka unaona michirizi ya nywele za brashi. Kama pumzi ya mnadi bei ikifika mwisho! Nimeandika kila kitu cha sebuleni. Kochi. Pazia. Ndoo. Ile K imeinua mkono kabisa, inaita wateja.
Mke wangu kasoma "Leo umependeza" akasema, haya, huyu sasa namjua.

Jumatano, 5 Machi
Nimechunguza. Andika "karata" — a tatu, pacha watupu, hazipishani hata unywele. Binadamu gani huandika hivyo? Nikamuuliza binti. Kumbe yupo mtu aliyezichora kwa mkono, moja moja, ndipo mashine ikazikariri. Basi nasema kwa mkono wa mtu nisiyemjua. Sijui hata anachekaje.
Jioni tumetoka kunyoosha miguu. Ziko kila mahali! Saluni, pakiti ya sabuni, gari la keki, fulana ya kondakta. Kwa muuza majeneza tu hazipo. Nimelikodolea macho bango lake hadi fundi akauliza nataka saizi gani. Nilitaka kucheka. Mke wangu kanivuta mkono.

Alhamisi, 6 Machi
Jirani kafiwa na mama yake. Nimeandika Pole sana kwa brashi. Loo — kama tangazo la punguzo la bei! Nikarudisha za benki kabla hajaona.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ya kile kivimbe walichokitoa kooni ni Jumatatu. Wiki nzima mke wangu hajayataja. Leo kaichukua simu yangu, kabonyeza polepole kwa kidole kimoja, kanirudishia. Kwa herufi zangu zilezile za brashi:
Unaogopa?
Sauti anayo, na bado kaandika.
Nimejibu Hapana. Imetoka na mbwembwe, kama inauza sabuni. Nimefuta. Nikaiandika kwa zile za benki. Hata mimi nisingeiamini. Nimefuta.
Nimerudi kwenye brashi: Ndiyo. Mkia wa y umeshuka chini, mrefu, ukaishia bila rangi.
Sijaigeuza. Simu imelala kifudifudi gotini, nami najifanya nimezama katika daftari hili. Kaketi mbele yangu, mikono mapajani. Wala hanihimizi.