Chai ya Moto wa Samadi

Zamda,

Maharage yako kwenye lile jiko jipya la gesi ya samadi. Ukirudi kutoka shule yapashe moto. ~~Ya bibi yapashe kwa kuni.~~ Basi, kuni hakuna, na mafuta ya taa hayashikiki.

Asubuhi bibi yako kaikataa chai yangu, eti moto wa mavi ya ng'ombe ni najisi. Na sakafu anayolalia kaisiriba mwenyewe kwa mavi hayohayo. Wakubwa wa wilaya nao wanasema nyumba yetu ikiukataa mtambo huu wa gesi, kijiji hakipati mwingine. Nimfuate nani?

Nakwenda kwa shehe kuuliza. Ila kikombe cha bibi nimekikuta kitupu, na kuku hawanywi chai. Sasa sijui nikaulize nini.

Mama yako