Tokeni iliyokataa

Shoga, wifi yangu kachoka mpaka anatia huruma.

Wiki tatu anaunda programu ya kusakinisha mfumo wa duka la dawa, iombe tokeni kwanza ndipo ifunguke, isiibwe. Leo ndiyo kukabidhi, ikigoma mkataba umekwenda.

Mwenye duka kapiga simu: “Mwanangu, tokeni imekataa mara tano, kitu kimejifunga.”

Wifi akamwambia amsomee alichoingiza. Tarakimu ishirini. Nasema ishirini, shoga. Mama wa watu kaingiza tokeni ya umeme. Na anauliza umeme wake umekwenda wapi.

Wifi akaifungua programu, akafuta “tokeni”, akaandika “namba ya siri”, akamtumia upya.

Simu tena: “Ya benki, mwanangu?”

Wifi kafumba macho. “Usiguse kitu, mama. Nakuja mwenyewe.”