Chungwa au Mahogani

Jumatatu, 8 Aprili 2019
Jicho la kulia linauma. Si juu – ni nyuma, ndani kabisa, hasa nikiligeuza. Leo nimechambua tumbaku kama askari wa gwaride: uso mbele, nageuza shingo nzima kufuata jani la pembeni. Mai Munetsi, mama ninayekaa naye meza moja, akauliza kama nimelalia shingo vibaya. Nikasema ndiyo. Nimemaliza marobota mawili.

Jumatano, 10 Aprili
Ukungu katikati. Nikimtazama mtu usoni, masikio yapo, uso haupo. Nilidhani ni moshi wa bani, tanuri la kukaushia tumbaku. Jicho la kushoto halina msaada; lilichomwa na bua la mahindi nikiwa darasa la tatu, linaona mwanga tu. Kwa hiyo ninalo moja. Nilikuwa nalo moja.

Alhamisi, 11 Aprili
Kifuniko cha chupa ya mafuta ya kupikia ni chekundu. Leo ni kama chai ya maziwa. Nimekipeleka juani. Vilevile.

Na wiki hii ni majani ya juu ya mmea, ya rangi mbili: chungwa, na mahogani ya kahawia-nyekundu. Yote yamekuwa udongo! Napapasa. Mahogani ni zito zaidi, lina mafuta. Mai Munetsi akikwama huniuliza mimi, misimu sita sasa. Anainua jani: "MaDube, hili?" Najibu haraka, nisipate muda wa kuogopa.

Jumanne, 16 Aprili
Robota limerudi kutoka mnadani. Rangi zimechanganywa. Kikaratasi ndani – namba saba. Mimi. Huu msimu wa tisa, halijawahi kurudi hata moja.

Bwana Gweshe, msimamizi, hakufoka. Afadhali angefoka. Alilifungua mbele ya meza zote, akauliza polepole: "MaDube, akili umeipeleka Joni?" Mume wangu yuko huko Johannesburg, basi wanawake wakacheka. Mmoja akasema mapenzi ya simu yanapofusha. Nikacheka nao.

La pili likirudi, ananitoa dirishani. Nitakwenda kufunga mafungu kule nyuma, kusiko na mwanga. Meza ya dirishani ni ya wanaojua rangi. Sijui kazi nyingine.

Jioni nikampigia Shumba, mume wangu. Nilitaka kumwambia. Mtandao mbovu. Akauliza kama mvua imekatika huku. Nikasema imekatika.

Alhamisi, 18 Aprili
Kliniki ya macho, mjini. Daktari alinifungulia kitabu cha madoa ya rangi, ndani yake kuna namba. Sikuona hata moja.

Jicho lenyewe ni zima, akasema. Kilichovimba ni mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Dripu siku tatu, nilazwe. Wengi huona tena baada ya wiki kadhaa. Rangi huchelewa, nyingine huenda zisirudi sawasawa. Halafu nikapigwe picha ya ubongo Harare, maana kuna ugonjwa mwingine ambao mara nyingine huanza hivi. Hakuutaja. Sikuuliza.

Akauliza nani anakuja kukaa nami. Nikasema yuko njiani. Hakuna aliye njiani.

Jumapili, 21 Aprili
Pasaka. Dripu ya mwisho. Mdomo una ladha ya chuma. Kitanda cha jirani kina wageni tisa na kuku wa kuchoma. Wamenipa paja. Nimewashukuru wote, nikiwa sijui nani ndiye aliyenipa.

Ijumaa, 3 Mei
Maumivu yameisha. Nasoma vichwa vya habari. Nikitembea juani ukungu unarudi, nikipoa unaondoka. Nyuso zimerudi! Rangi – bado. Kazini nimesema ilikuwa malaria. Mai Munetsi akasema malaria imeninenepesha mashavu. Ni vidonge nilivyopewa hospitali.

Jumatatu, 6 Mei
Naandika saa ya chakula, nyuma ya banda. Bwana Gweshe amenirudisha dirishani baada ya “malaria” yangu. Marobota ya leo yanakwenda mnadani kesho.

Asubuhi Mai Munetsi aliinua jani. "MaDube, hili?"

Nikatazama. Udongo. Nikalishika – umande ulikuwa umelainisha yote sawasawa, vidole havikuniambia kitu. Ningeweza kusema chungwa. Lakini jani lile lilikuwa la robota lake, namba nane.

Nikasema, "Wewe unalionaje?"

Mkono wake ukabaki hewani. Sijawahi kumwuliza hata siku moja. Alilitazama jani, akanitazama mimi. Kisha akaliweka pembeni, peke yake. Na lililofuata. Mpaka kengele inalia, rundo la pembeni limekuwa kubwa.

Sasa amekaa na wenzake wakila sadza, ugali wetu. Bwana Gweshe ametoka bandani na majani yale mikononi. Anauliza ni ya nani, mbona hayana daraja. Nimefunga daftari nusu ili ninyanyuke.

Mai Munetsi amenitangulia. "Yangu hayo, baba. Macho yangu leo mazito."

Gweshe anamtazama, anayatazama majani. Amerudi ndani nayo.

Mai Munetsi ameinuka na sahani yake. Amewaacha wenzake. Anakuja huku, na sijui nianze kumwambia lipi –