Saa ya Ijumaa Nimekuachia

Baba,

Skrini za bodi yangu zimewaka. Zote tano, kila moja na sala yake, hakuna iliyoiga jirani. Nikageuka nikuite. Kwenye kiti chako kulikuwa na nguo zinazongoja pasi.

Nilitaka tu ushuke kwenye ile stuli ya msikitini. Magoti yale, na bado unapanda kuzitunza saa sita za mbao, zile zisizotembea, za kuonyesha tu nyakati za sala. Unasogeza mishale dakika mbili mbele, dakika mbili nyuma. Hapa Kampala jua halina safari ndefu, hata mvivu hachelewi. Nilikuambia. Ukasema, "Dakika mbili pia ni za Mungu."

Unakumbuka bodi ya kwanza niliyokuundia, ya skrini badala ya mishale. Mwalimu wangu alikuwa simu, nikaziunganisha skrini zote kwa waya mmoja wa kuziita. Chipu, ule ubongo wa bodi, ikiita moja, zinaitika tano. Ukavaa miwani ukasoma: Alfajiri, Alfajiri, Alfajiri, mpaka mwisho. "Binti yangu, tuswali alfajiri mara tano? Watu wa hapa mtaani Kyebando hata hiyo moja inawashinda." Kisha ukahesabu kwa kidole. "Na Ijumaa umeiweka wapi?" Nilikuwa nimeisahau. Nikasema itaingia kwenye bodi ya pili.

Tangu tukuzike hakuna aliyezigusa saa zako. Sheikh anatazama mishale, anatazama simu yake, anakohoa, kisha anafuata mishale. Juzi akaniambia nilete bodi yangu, zile za mbao zishushwe.

Bodi ya pili niliichora bila wewe. Kila skrini nikaipa waya wake wa kuitwa. Nikachora na nafasi ya sita, ya Ijumaa, vizuri kabisa. Nikaifuta. Nikaichora tena, nikaifuta tena. Mkono ulikataa, Baba.

Kesho nitapanda stuli mwenyewe. Tano nitazishusha. Ya sita inabaki, nimeshamwambia Sheikh. Akauliza kama nitaitia betri. Nikamwambia haihitaji kitu: Ijumaa kwetu ni saa saba na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna wa kuisogeza. Mishale iko pale pale kidole chako kilipoiacha.

Vumbi nitalifuta mimi, kwa kitambaa kikavu, polepole, mishale isisogee.

Lala, Baba. Umeme ukikatika, zangu zitazimika. Yako itabaki.

Binti yako