Sitawafuta Kwenye Picha

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua kimetulia, maana uliponipigia simu juzi ulikuwa unakohoa katikati ya kunifokea. Wifi hajambo? Na watoto je? Waambie shangazi yao anawakumbuka, hata kama baba yao anaona nimerukwa na akili. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua akipanda ngazi, na ukimwambia apumzike anakuwa mkali kama pilipili.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Ulisema yako yote, ukadai salio linaisha, ukakata. Sasa na wewe soma mpaka mwisho.

Ulinitaka nirudi studio ya picha nikamwombe Bosi radhi. Siendi. Nimemwaga unga, ndiyo, na wala sijutii. Hata ukituma wazee waje kunisihi, siendi.

Ilikuwa hivi. Mwenye karakana anakoshona Mama aliagiza picha kubwa ya chumba cha cherehani, aitundike pale mapokezi. Unakikumbuka chumba kile: madirisha makubwa upande mmoja, na upande wa pili giza, ukiingia kutoka nje huoni hata unapokanyaga. Ukipiga picha ya kawaida mle ndani, ama dirisha linaungua linakuwa jeupe tupu, ama watu wanatoka weusi tii. Kamera haina macho kama yetu.

Kwa hiyo unaisimamisha kamera kwenye stendi, unapiga picha tatu za mahali palepale. Moja unaifanya ya giza, upate mawingu na miti ya nje ya dirisha. Moja ya kawaida. Moja unaijaza mwanga, upate pembe za chumba, nyuzi, vitambaa, hata kutu ya miguu ya meza. Halafu programu ya kompyuta inaziunganisha kuwa picha moja, na kila mahali panaonekana jinsi jicho lako lingepaona. Kazi hii naipenda, Kaka, sikufichi. Ikitoka vizuri nasahau hata kula.

Ila inataka watu watulie. Anayesogea kati ya picha moja na nyingine anatoka nusunusu, au mara mbili, na hao sisi tunawaita mizuka. Na mwenye karakana alikataa katakata mashine zisimame, kwa sababu sare za shule zilikuwa zinasubiriwa. "Wapige hivyohivyo," akasema, "kazi iendelee."

Wenyewe walikuwa wamejiandaa, si mchezo! Waliambiwa wao ndio watakaokuwa kwenye picha. Fundi wa vifungo alisuka nywele upya. Mama alivaa ile blauzi ya kijani uliyomtumia, ambayo huwa haitoki kabatini.

Basi nikaunganisha. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mama katoka na mikono mitano! Fundi wa vifungo ana vichwa viwili, kimoja kinatazama kazi, kingine kinatazama kamera. Nilipowaonyesha, mpiga pasi akasema, "Mwacheni Mama hivyohivyo. Angekuwa na mikono mitano kweli, sare zingekwisha jana."

Bosi hakucheka. Alichukua picha zote nilizopiga siku ile, pamoja na zile za saa ya chakula viti vikiwa vitupu, akaziingiza kwenye programu na kuiamuru ibakize tu vitu vilivyotulia. Kinachosogea kifutwe. Na programu ni mtumishi mtiifu, haiulizi. Ikafuta. Cherehani zimejipanga, vitambaa viko chini ya sindano, jua linaingia vizuri kabisa, na mle ndani hamna mtu. Hata mmoja! Mwenye karakana alipoiona akafurahi. "Safi sana," akasema, "sasa chumba kinapumua."

Kinapumua! Umewatoa wote wanaopumua, halafu unaniambia chumba kinapumua! Damu ilinichemka, Kaka, na mpaka leo haijapoa.

Nikamwambia Bosi picha ile mimi siipeleki. Akaniuliza, mteja ameridhika, wewe unaumwa nini? Nikamjibu kwamba mama yangu anakaa kiti cha tatu toka dirishani, na mimi sikusomea kazi hii ili nimfute mama yangu. Akaniambia nisilete mambo ya nyumbani kazini. Kama vile aliyeyaleta ni mimi!

Nikaitengeneza upya. Nilizipanga zile picha tatu, moja juu ya nyingine, nikamchagulia kila mwanamke ile aliyotokea vizuri, kisha kwa brashi ya kompyuta nikaipangusa mizuka yake polepole, ukingo kwa ukingo. Mkono wa Mama ndio ulionitesa kuliko yote, kwa sababu kidole kiko karibu na sindano na vyote viwili vinakwenda mbio. Mwisho ukabaki mkono mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Picha nikaichapisha kubwa. Karatasi nilinunua mwenyewe, usije ukasema niliiba. Nikaipeleka karakana kwa mguu wangu.

Mwenye karakana akampigia Bosi simu palepale. Bosi akaniambia niirudishe picha, nimwombe mteja radhi, la sivyo nisirudi. Sikurudi.

Lakini hili hukulisikia, maana aliyekupa habari alikupa nusu. Wanawake waliichukua ile picha wakaibana ukutani kwa pini, juu ya meza ya pasi. Mwenye karakana akaja akaamuru ishushwe. Hakuna aliyeinuka. Mashine zote zikanyamaza, wote wakatulia tuli, mikono mapajani. Laiti wangetulia vile siku ya kupigwa picha! Akawatazama, akazitazama sare ambazo hazijakwisha, akaondoka zake. Picha iko pale mpaka leo. Ile tupu nayo iko mapokezi, na hilo bado linaniuma, sitakudanganya.

Mama alisimama mbele ya ile ya ukutani, akaikagua pembe hadi pembe. Nikajua sasa atalia. Thubutu! Akaniambia, "Mbona hukufagia sakafu kwanza?" Akarudi kitini kwake. Lakini jana ameniomba nakala yake. Yeye ambaye kamera ikitolewa tu anajificha mgongoni mwa watu!

Mimi nimeweka kompyuta hapa chumba cha mbele. Inakwenda kwa kujivuta, lakini inakwenda. Seremala wa mtaa wa pili keshaniita nikampigie karakana yake, na nimemwambia mapema kwamba wafanyakazi wake watakuwamo au sipigi.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae nguo nzito. Baba mdogo anakusalimu. Fundi wa vifungo naye anataka nikuambie kwamba kichwa kimoja kinamtosha. Msalimie wifi, wabusu watoto. Mungu awalinde huko mliko na awafungulie milango yote.

Ulisema, "Ni picha tu." Kwenye bahasha hii nimekutilia zote mbili, ya mapokezi na ya ukutani. Anza na ile tupu. Tafuta kiti cha tatu toka dirishani. Kila sare uliyoivaa na kila darasa ulilokaa, mpaka hiyo tiketi iliyokufikisha huko, vilitoka kwenye kiti kile. Kitazame vizuri kikiwa hakina mtu. Halafu nipigie simu, uniambie tena nikaombe radhi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinifokea,

Kichwa Kigumu