Macho ya Athumani

Jumanne, 27 Mei 1952
Mashati manne, suruali moja ya kaki. Swaumu imekausha koo. Mwenye duka kaleta mkataji mpya hapa barazani, Athumani, Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Hana futi ya kupimia. Humtazama mteja mara moja, hugeukia kitambaa, hukata. Alipokwenda kuswali niliipima kazi yake. Sawasawa. Mimi nina miaka kumi na miwili kwenye cherehani. Sikufurahi.

Ijumaa, 30 Mei
Nimemuuliza nani kamfundisha.
"Hakuna, kaka Hamisi. Naona tu, tangu mdogo."
Siamini. Fundi wangu wa Lindi alinifumulisha mshono mmoja mwezi mzima. Ufundi ni jasho. Nimeanza kujizoeza: kila mteja namkisia kwa macho, ndipo nampima. Leo nimekosea wote.

Jumatano, 4 Juni
Mzee Chitanda kaja kutoka Nambilanje kushonesha kanzu ya Idi. Mkulima wa miraba minne, shingo nene kama kinu. Athumani kamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akakata. Nilipima baadaye. Kifua cha kanzu kimepungua inchi sita. Nitaishona hivyo hivyo. Nataka aaibike mbele ya watu.

Jumanne, 17 Juni
Chitanda kaletwa amekaa juu ya baiskeli, mwanawe akiisukuma. Homa na tumbo, wiki nzima. Mashavu yameingia ndani. Alitaka kuivaa kanzu hapo hapo. Imemkaa. Imemkaa kuliko kanzu yoyote niliyowahi kushona. Watu wakasifu. Athumani kaenda nyuma ya duka. Nikamkuta kafunika macho kwa viganja.

Ijumaa, 20 Juni
Chitanda kafariki jana. Wamemzika kwao.
Wakati wa kufuturu nilimuuliza Athumani kama alijua.
"Sikujua kitu. Mimi naona umbo, kaka. Haliniambii kama ni la leo au la lini."
Uji wake ukapoa mkononi. Kisha akaniomba nimfundishe futi. Anataka kukata kama mimi. Hataki tena kumtazama mtu.
Nimeona haya. Nilikuwa namwonea wivu mtu anayeyaogopa macho yake mwenyewe.

Jumanne, 8 Julai
Idi imepita. Athumani anapima kafumba macho. Nimemtengenezea kamba yenye mafundo kila inchi, anayahesabu kwa vidole. Wateja wanadhani ni mzaha. Anakata vibaya. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mwenye duka kafoka. Athumani anafumua, anaanza upya. Sijaona mtu mwenye bidii namna hii.
Makisio yangu ya leo: watu watano, nimepata wote watano. Ningepaswa kuacha. Siachi.

Jumamosi, 19 Julai
Athumani kamaliza shati lake la kwanza la kupimwa. Kola imepinda kidogo. Mteja kalalamika kwamba kwapani panabana. Athumani kacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Kamshika mteja mkono, kamwomba radhi, na bado anacheka.
Mimi sijagusa futi siku nne. Sina haja nayo. Nilingoja hili miaka kumi na miwili, na limekuja bila furaha.

Jumapili, 27 Julai
Duka limefungwa. Somoe, mke wangu, alikuwa uani anapepeta mtama. Niliinua macho tu, sikukusudia. Kifua, kiuno, mabega vikaja vyenyewe, kama vimeandikwa mbele yangu. Vyote pungufu. Pungufu sana.
Nikaingia ndani kuchukua futi. Nikampima pale pale, ungo mikononi mwake. Futi imesema vipimo vyake vya siku zote. Nimepima mara tatu. Vile vile.
"Unanishonea gauni?"
Nikamwambia ndiyo.
Akasema mikono yangu ina baridi. Nikasema nimechoka kidogo. Akaendelea kupepeta, pumba zinaruka upande wa kibanda cha kuku. Nikaketi kando yake, nikatazama mtama.