Muuguzi Ameniuliza Nitaachishwa Lini

Shoga, nimechoka mpaka nguvu ya kuona aibu sina.

Leo ni siku ya tatu binti yangu hajanywa maziwa. Chupa zake nilizitupa kwa sababu meno ya mbele yameanza kuoza, na kikombe akikiona anageuza uso kama nimempa shubiri.

Nikampeleka kliniki. Nikamweleza muuguzi yote niliyosoma, subira, nyimbo, vikombe vya rangi, mpaka koo likakauka. Nikatoa chupa yangu ya maji, ile yenye mdomo wa kufyonza, nikafyonza.

Akanitazama. "Na wewe mama, utaachishwa chupa lini?"

Nitaachishwa lini, shoga. Nikacheka, yeye hakucheka.

"Mtoto amewahi kukuona unanywa kwa kikombe?"

Nikafikiri. Chai nanywa kazini. Nyumbani ni chupa hiyo hiyo. Hajawahi.

Tuliporudi nikakaa sakafuni, nikajimiminia maziwa kikombeni, nikanywa. Mimi, na unajua nisivyopenda maziwa. Akaja taratibu, akaninyang'anya kikombe kwa mikono miwili.

Nusu imeishia kwenye gauni, nusu ameimeza.

Sakafu sijaifuta. Nimekaa tu, natazama masharubu yake meupe.